Kifini cha Kisimani

Barua ya Ponsian ilifika Igogo siku ya Jumanne, mwezi wa nane mwaka 1976, na Leonsia aliisoma mara tatu kabla hata hajavua kanga ya kutokea. Mara ya kwanza aliisoma mbiombio, akitafuta tu kama mwanawe ni mzima. Mara ya pili aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Mara ya tatu aliisoma akiwa amepiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria, maana yaliyokuwamo hakutaka kuyabeba peke yake.

Ponsian alikuwa mwanawe wa pekee. Baba yake alifariki miaka tisa nyuma, na baada ya hapo serikali ikampeleka kijana Ufini kusomea injini za meli. Sasa alikuwa huko mwaka wa tano, na ameshaoa. Mke aliitwa Marjatta.

“Mama,” aliandika, “kazi ipo. Karakana moja ya boti hapo Mwanza imenikubali na inanisubiri mpaka mwisho wa mwezi wa kumi. Marjatta yuko radhi kuja kuishi. Ila yeye ni mtoto wa pekee kama mimi, na mama yake ni mjane kama wewe, na alimwahidi kwamba hatahamia mahali ambapo mama yake hajapaona kwa macho yake. Kwa hiyo tunakuja watatu. Mama mkwe akiona panafaa, sisi tunabaki. Akiona hapafai, nitarudi nao Ufini, na sijui mimi na wewe tutaonana lini tena. Mpokee vizuri, mama. Hajui Kiswahili wala Kiingereza. Anajua Kifini tu.”

Leonsia alikunja barua akaiweka ndani ya kitabu cha sala. Akatoka nje kumtafuta Getruda, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ambaye alikuwa anachambua mchele huku miguu kainyoosha.

“Kifini ndiyo nini?” Getruda aliuliza baada ya kusikiliza yote.

“Lugha yao hao.”

“Sasa wewe unahangaika na nini? Si Ponsian atatafsiri?”

“Getruda! Mkwe na mkwe waongee kupitia mkalimani, kama wako mahakamani?” Leonsia alikaa kwenye kizingiti. “Mgeni akiingia nyumbani kwetu Uhayani anaulizwa habari za safari, za nyumba aliyoiacha, za ng’ombe, za jirani. Anawekewa kahawa ya kutafuna. Usipomuuliza umemtukana. Huyu mama anatoka mwisho wa dunia kuja kunipima, halafu nimkodolee macho?”

Getruda alipeta mchele mara mbili. “Yule Masalu wa pampu, pale Mirongo. Si alikaa Mtwara na wazungu wa visima? Wale walikuwa Wafini. Nilimsikia akiwataja kwenye msiba wa shemeji.”

Kesho yake asubuhi, baada ya misa, Leonsia alikwenda Mirongo. Masalu alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye vidole vilivyopakaa grisi hadi kwenye viganja. Alikuwa anatengeneza pampu ya kijiji fulani cha ujamaa, ameitandaza chini vipande vipande.

“Shikamoo, mama. Kalibu,” alisema, maana Masalu hakuwahi kupatana na herufi r.

“Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa unajua Kifini.”

Masalu alicheka mpaka akaweka spana chini. “Nani kasema? Mama, Kifini changu ni cha kisimani. Miaka minne nilikuwa nashika kamba na mabomba.”

“Hicho hicho. Mimi naanza, sihitaji cha kuhutubia.”

Alimweleza habari ya barua, na kadiri alivyoeleza Masalu aliacha kucheka. Alifuta mikono, akavuta gogo, akamkaribisha kukaa, na yeye akakaa. Akafumba macho. Alikaa hivyo kitambo, midomo inacheza.

“Hakiji,” alisema mwishowe. “Nikikaa hakiji. Simama mama, shika bomba hili upande huo. Haya. *Ota kiinni!* Ndiyo kamata. *Nosta!* Ndiyo inua. Inua basi, mama!”

Leonsia akainua.

“*Varovasti!* Talatibu. *Laske.* Shusha. *Hyvä!* Vizuri.” Uso wa Masalu ulikuwa umeng’aa kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. “Unaona? Maneno yako kwenye mikono.”

Ikawa hivyo kwa wiki nane, kila Jumatano na Jumamosi. Leonsia alipeleka ndizi za kupika, Masalu akatoa maneno. Alikuwa na daftari la kurasa arobaini, na kila neno aliliandika kama alivyolisikia, kisha Masalu akamrekebisha kwa kalamu ya risasi, kwa sababu aliwahi kuyaona maneno hayo yamepigwa chapa kwenye makasha ya vyuma. Kuna herufi a za kawaida, alimfundisha, na kuna a zenye macho mawili juu. Zenye macho unazitamka umeachama kama mtu anayeonyesha jino bovu. *Vedä*, vuta. *Riittää*, inatosha. *Tyhjä*, tupu. Leonsia alijifunza kuachama.

“Sasa nifundishe hili,” alisema siku moja. “Karibu, mkwe wangu, pole na safari, hawajambo uliowaacha?”

Masalu alikuna kichwa. “Mama, mimi hakuna aliyenikalibisha. Niliajiliwa.”

“Hata salamu?”

“Asubuhi wanasema *päivää*. Basi. Mpaka saa nne, hapo wanasema *tauko*, mapumziko, halafu *kahvi*. Kahawa. Wanakunywa kahawa wale watu, mama, wewe! Wanakunywa wamenyamaza. Halafu wanaludi kazini.” Aliangalia mabomba yake. “Si watu wabaya. Ila maneno wanayatunza.”

Mtaa mzima ulijua. Leonsia alihesabu *yksi, kaksi, kolme* akitwisha ndoo kwenye bomba la mtaa, akasema *nosta* akiinua kikapu, akasema *odota*, ngoja, kwa kuku aliyetaka kuingia ndani. Mzee Chenge, balozi wa nyumba kumi, alisimama kumsikiliza, fimbo mgongoni.

“Mama Ponsi, hiyo ni lugha ya maombi?”

“Ya mkwe, mzee. Mkwe wangu anakuja.”

“Hivyo mkwe huyo ana jina? Niletee jina na siku ya kufika, niliandike.” Akaondoka hatua tatu, akageuka. “Na huyo kuku, anaelewa?”

“Kuliko wengi, mzee.”

Kila siku jioni Leonsia alisali rozari, na mwisho wa rozari aliongeza ombi lake. Hakuomba ndimi za moto kama za mitume. Aliomba ulimi wa kutosha kikombe kimoja cha kahawa.

Treni ilifika Jumamosi, katikati ya mwezi wa kumi, imechelewa saa sita. Ponsian alishuka kwanza, amenenepa shingo, na Leonsia alimshika uso kwa mikono yote miwili. Akashuka Marjatta, mwembamba, akapiga goti vizuri kabisa kama alivyofundishwa na mumewe, akasema “Shikamoo mama” bila kukosea. Nyuma yake akashuka mwanamke mrefu, mwenye mifupa mikubwa na kitambaa kichwani, amebeba begi lake mwenyewe. Alimkatalia mchukuzi kwa kutikisa kichwa tu. Jina lake Hilkka.

Leonsia, mtu wa kuangalia, aliiona mikono yake mapema. Ilikuwa mikono mipana, myekundu, yenye kucha fupi, kama ya mtu aliyetoka kufua sasa hivi. Aliiona, lakini hakuitilia maanani siku ile. Alikuwa anarudia salamu yake kimoyomoyo.

“*Päivää*,” alisema.

Macho ya yule mama yalishtuka kidogo. “*Päivää*,” alijibu. Akampa mkono, akaubana mara moja kwa nguvu, akauachia.

Leonsia akasubiri. Safari, nyumba, ng’ombe, jirani. Hakuna kilichokuja. Hilkka alikuwa ameshageuka, anaangalia ziwa.

Nyumbani walimkuta Getruda ametandika nyasi mbichi sakafuni, kama Leonsia alivyomwelekeza kwa desturi ya kwao. Hilkka aliwekewa kiti chenye mto, kiti cha marehemu. Leonsia alipiga goti akamletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa. Ponsian alieleza. Hilkka alichukua buni moja, akaitazama pande zote, akaitia mfukoni mwa aproni yake. Wote waliokuwapo waliona.

Usiku haujaingia, Leonsia akamvuta mwanawe jikoni, akafungua daftari. “Sikiliza. Nimejifunza ili niongee naye. *Ota kiinni. Nosta. Vedä. Laske.*”

Ponsian alimtazama, kisha akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. “Mama! Nani kakufundisha haya?”

“Masalu wa pampu.”

“Haya ni maneno ya msimamizi kwa vibarua! Kamata, inua, vuta, shusha! Mama, utamwambia mkwe wako ‘vuta’?” Alipoona uso wa mama yake aliacha kucheka. “Umejitahidi, mama yangu. Nashukuru. Lakini usimwambie hayo, nakuomba. Atadhani unamtuma. Mimi nitatafsiri.”

Leonsia alilifunga daftari akaliweka chini ya godoro. Wiki nane za kubeba mabomba, na kumbe alichojifunza ni kumwamrisha mgeni. Kwao mgeni wa heshima hata kiti chake hajisogezei. Alijiona amenusurika aibu kubwa, lakini alijiona bubu pia.

Basi wakamheshimu mgeni. Jumapili walimpeleka kanisani na kumkalisha mbele. Jumatatu alikaa barazani kwenye kiti chenye mto, Getruda akamletea maji ya kunawa, Leonsia akamletea chai. Aliponyanyuka kufuata ufagio, Leonsia aliuwahi. Aliposogelea masufuria, Marjatta alimwambia neno akarudi kukaa. Jumanne vilevile. Jumatano, Hilkka alikaa tangu asubuhi hadi jioni, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine, na hakusema hata maneno kumi.

Jioni hiyo Ponsian alikuja jikoni akasimama bila kukaa.

“Anasema anataka treni ya Jumamosi.”

Leonsia aliendelea kukoroga. “Sababu?”

“Hakusema sababu. Amemwambia Marjatta kwamba hapa hana kazi.”

“Hana kazi maana yake nini?”

“Maana yake hapamfai, mama. Marjatta amelia. Kesho tunakwenda karakana. Walitaka nisaini. Itabidi niwaambie wasubiri kidogo, wakikataa basi.”

Leonsia hakulia. Alikuwa amelia vya kutosha miaka tisa iliyopita na alijua machozi hayazuii mtu kupanda treni. Alisali rozari nzima, na safari hii mwishoni hakuongeza ombi, kwa sababu hakujua aombe nini.

Alhamisi asubuhi Ponsian na mkewe waliondoka. Getruda alikuwa amekwenda Kiseke tangu jana kumwangalia dada yake mgonjwa. Nyumbani wakabaki wajane wawili, mmoja kitini, mmoja uani.

Saa tatu wingu zito lilipanda kutoka ziwani. Leonsia alilitazama, akatazama pipa lake. Lilikuwa limelala ubavuni mahali alipolisugua jana, nalo ndilo pipa la kukingia mvua. Mahali pake ni juu ya mawe matatu makubwa, chini ya mfereji wa bati, kwenye ukingo wa uwanja. Baada ya ukingo ni mteremko wa Igogo, mawe matupu, na chini nyumba ya Justa na vifaranga vyake na wajukuu wanaocheza. Siku zote pipa hilo walilipandisha wawili, yeye na Getruda.

Alilisukuma mwenyewe. Lilipanda jiwe la kwanza. Alipolisimamisha juu ya la pili, mguu ulimteleza, na pipa likamlalia kifuani. Akalikumbatia. Hakuweza kulisukuma mbele wala kurudi nyuma, na akiliachia linakwenda kwa Justa.

Aligeuza shingo. Hilkka alikuwa amesimama kwenye baraza, amekunja mikono, anatazama, kama mtu aliyekatazwa mara nyingi mpaka akakoma. Leonsia aliita kwa Kihaya. Akaita kwa Kiswahili. Yule mama alipiga hatua moja, akasita. Pipa lilinesa.

Hapo Leonsia alisahau heshima, akasahau mwanawe, akasahau yote isipokuwa Masalu.

“*Ota kiinni!*” alipiga kelele. “*Ota kiinni!*”

Hilkka aliruka kutoka barazani. Hakushuka ngazi, aliruka, mwanamke wa miaka sitini, na mikono ile mipana ikatua kwenye ukingo wa pipa kama vibanio.

“*Kiinni on*,” alisema.

Hayo Leonsia hakuwa nayo kwenye daftari, lakini uzito ulishamtoka kifuani, kwa hiyo alielewa kwamba limeshikwa.

“*Yksi*,” alisema akihema. “*Kaksi. Kolme. Nosta!*”

Wakainua pamoja.

“*Varovasti… varovasti… Laske.*”

Pipa likakaa juu ya mawe yake matatu, sawasawa, likatoa mlio mmoja wa kengele. Wale wanawake wawili wakatazamana juu yake. Hilkka alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akalipiga pipa kofi.

“*Hyvä!*” alisema, akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza Leonsia kuyaona meno yake.

Halafu yakaja maneno. Lo! Yule mtu wa maneno kumi kwa siku alifungua bomba. Alisema, akaonyesha pipa, akaonyesha mawe, akajionyesha yeye mwenyewe, akaonyesha kwa mikono kitu kirefu chenye kuzunguka ambacho Leonsia alikifahamu mara moja, kwani alikishika wiki nane kwa Masalu, ni gurudumu la kamba ya kisima. Katika yote hayo alikamata maneno mawili tu, maji na tupu. Yalitosha. Huyu mama naye alikuwa mtu wa kisima.

Wingu, kwa upande wake, lilibadili mawazo likaenda kunyesha Ukerewe. Walisimama wakiliangalia likipita.

“*Tyhjä*,” alisema Hilkka, akichungulia pipani.

“*Tyhjä*,” Leonsia alikubali, ameachama kama inavyotakiwa.

Hilkka aliingia ndani akatoka na ndoo zote mbili na mablanketi manne begani, yale yaliyojaa vumbi la treni. Akasimama mbele ya Leonsia, akasubiri. Leonsia aliielewa ile namna ya kusubiri. Ndiyo ya vibarua asubuhi. Alikuwa anasubiri kupewa kazi.

Leonsia alijishauri kwa pumzi moja. Kumpeleka mkwe ziwani na ndoo kichwani! Watu watasema nini? Kisha akakumbuka: “Hapa hana kazi.” Akaitazama ile mikono, na safari hii aliitilia maanani.

“*Nosta*,” alisema kwa sauti ndogo, akionyesha ndoo.

Hilkka akainua.

Pale ziwani, kwenye mawe ya kufulia, wanawake waliacha kufua.

“Mama Ponsi! Huyo si mkwe wako?” aliuliza Suzana, ulimi mrefu kuliko wote pale ufukweni. “Unamfulisha mzungu?”

“Nimekuja naye, sikumleta.”

“Loo! Kitini kwenyewe kumemchosha?”

“Ndiyo. Wewe ungekaa siku nne?”

“Mimi? Nijaribu uone!”

Hilkka hakuwasikiliza. Alikuwa ameshapandisha sketi hadi magotini, ametandaza blanketi juu ya jiwe kama mtu ambaye amefanya hivyo maisha yake yote kwenye ziwa lingine, na anasugua kwa brashi aliyoitoa kwenye begi pamoja na mche wa sabuni wa kwao. Povu likafunika jiwe. Sabuni ilikuwa ya kutafuta mwaka ule, na Leonsia hakuvumilia.

“*Riittää!*” alipiga kelele. “*Riittää!*”

Hilkka alisimamisha brashi, akaitazama sabuni, akamtazama Leonsia. Akaukata ule mche vipande viwili kwa kisu, kimoja akampa Suzana. Suzana hakuuliza kitu tena. Aliingia majini kushika upande wa pili wa blanketi, na Hilkka akamwambia *vedä*, na Leonsia akatafsiri, na wakalikamua pamoja mpaka likalia.

Walipanda na ndoo mara tano. Mara ya tano Hilkka alizitua, akafuta paji, akasema neno ambalo Leonsia alikuwa amelingoja tangu mwezi wa nane.

“*Tauko*.”

“*Tauko*,” alisema Leonsia. “*Kahvi*.”

Walikaa kwenye ngazi ya baraza, bega kwa bega. Kile kiti chenye mto kilikuwa nyuma yao, na hakuna aliyekigusa. Leonsia alichemsha kahawa akaimimina kwenye vikombe vya bati. Wakainywa wamenyamaza. Ukimya huu Leonsia hakuupigania. Ulikuwa kama ule wa kanisani kabla padri hajatoka, watu wamekaa na kila mmoja anajua kwa nini amekuja. Kwenye nusu ya kikombe, Hilkka aliingiza mkono mfukoni mwa aproni, akatoa ile buni ya Jumamosi. Akaitia mdomoni, akaitafuna. Uso ulikunjamana, kisha ukakunjuka. Akanyoosha kiganja kuomba nyingine.

Ponsian na Marjatta waliporudi saa tisa, mablanketi manne yalikuwa yametandazwa juu ya mawe, nyasi za sakafuni zimefagiliwa zikatandikwa mpya, na Hilkka amekaa kwenye kigoda cha jikoni anamenya ndizi, maganda yakianguka marefu bila kukatika. Leonsia alikuwa amesimama juu yake na mwiko.

“Mama!” Ponsian alishika kichwa. “Umemfanyisha kazi mkwe?”

“Pipa lilitaka kwenda kwa Justa,” alisema Leonsia.

Marjatta alikuwa amechuchumaa kwa mama yake. Wakaongea. Hilkka hakuacha kumenya, lakini aliongea, akaongea, na Leonsia akasimama na mwiko wake, akimwangalia mke wa mwanawe usoni kama mtu anayengoja daktari atoke chumbani. Mara Marjatta alicheka, mara machozi yakamtoka, na mwisho akamwegemea mama yake begani akatulia hapo.

“Tafsiri,” Leonsia alimwambia mwanawe. “Sasa ndiyo nataka mkalimani.”

Ponsian alikuwa na sauti ya mtu aliyepigwa kofi la upole. “Anasema yeye amelima na kukamua ng’ombe tangu ana miaka saba. Mumewe alikuwa mchimba visima, na kamba alikuwa anashika yeye. Anasema siku nne alidhani mwenye nyumba hii hamtaki. Kwao anayewekwa kitini asiguse kitu ni mgeni anayesubiriwa aondoke. Mtu wakishamkubali wanampa kitu ashike.”

“Mungu wangu,” alisema Leonsia. “Na sisi tulikuwa tunamheshimu.”

“Mimi nilimwambia Marjatta amkataze asije akawaaibisha. Ni mimi, mama.”

“Acha hayo. Jumamosi anaondoka?”

Ponsian aliuliza. Hilkka alikata ncha ya ndizi, akaitupia sufuriani, akajibu kwa sentensi fupi. Ponsian akamgeukia mama yake.

“Anasema hawezi kuondoka Jumamosi. Pipa bado halijajaa.”

Leonsia aliuweka mwiko chini taratibu.

“Anasema atakaa mpaka mvua zitulie. Halafu ataondoka peke yake, kwa sababu sisi tunabaki. Anasema Marjatta akikosa la kufanya hapa, wewe utampa. Mama, anakuita *emäntä*.”

“Hilo Masalu hakunifundisha.”

“Ndiyo mwanamke mwenye shamba. Bibi wa nyumba, anayewapangia wote kazi. Kwao huko hakuna heshima inayozidi hiyo.”

Leonsia alitaka kujibu. Maneno ya Kifini yaliyokuwa kichwani mwake yalikuwa arobaini na yote yalikuwa ya kuinua na kushusha. Akalichagua moja.

“*Hyvä*,” alisema, na Hilkka, bila kunyanyua macho, akampisha nafasi kwenye kigoda.

Ponsian alikwenda karakana Ijumaa saa mbili asubuhi, akasaini. Leonsia hakumuona akitoka. Kwa mara ya kwanza tangu ile barua alikuwa amepitiwa na usingizi mpaka jua likaingia dirishani, na alipozinduka alikaa tu kitandani, akafanya ishara ya msalaba, akasikiliza. Nje ndoo ilikuwa inagonga jiwe. Maji yalimiminwa pipani, na kwa mlio wake alijua limeshapita nusu.

Kisha akasikia sauti ya Getruda, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka Kiseke.

“Mama Ponsi! Mama Ponsi, uko wapi? Toka uje! Mkwe wako kanisimamisha hapa, kanipa ndoo, ananifokea! Anasema nini huyu?”

“*Ota kiinni!*” ilisikika ile sauti nzito.

“Umesikia? Hayo ni matusi?”

Leonsia alijinyoosha, akavuta blanketi lililonukia sabuni ya ng’ambo hadi kidevuni.

“Kamata, Getruda,” alijibu kwa kupitia dirishani. “Kamata tu, ndugu yangu. Amekukubali.”